Tarakimu ya Kumi na Nane

440524188001010014. Ukiisoma kwa mkupuo ni trilioni 440,524 na ushee, namba nzima kubwa ambayo haikuambii kitu. Karani wa dirisha la usajili mjini Guangzhou haisomi hivyo. Jicho lake huikata palepale vipande vinne: 440524, halafu 18800101, halafu 001, halafu 4 iliyobaki peke yake. Kwake hiyo si idadi ya chochote. Ni mwanamume, mzaliwa wa tarehe 1 Januari 1880, aliyeandikishwa kaunti ya Chaoyang, upande wa Shantou, jimbo la Guangdong.

Mwanamume huyo hakuwahi kuishi. Alibuniwa na watunzi wa GB 11643, kiwango cha taifa cha China cha mwaka 1999 kinachoeleza namba ya kitambulisho cha raia inavyoundwa, na namba yake imo humo kama mfano. Namba za watu walio hai si za kuchapishwa, kwa hiyo huyu wa kubuni ananifaa. Hata ningeruhusiwa kuchagua, ningemchagua yeye, kwa kuwa mfano huu haukuokotwa. Tazama mwaka. Vitambulisho vya kwanza, vilivyoanza kutolewa miaka ya 1980, vilikuwa na namba ya tarakimu 15, na mwaka wa kuzaliwa uliandikwa kwa tarakimu mbili tu. Katika namba ile, 80 ingeweza kuwa 1880 au 1980. Ndiyo maana wazee waliopita miaka 100 walitengewa namba zao za mfululizo, 996 hadi 999, wasije wakachanganywa na vitukuu wao. Toleo la 1999 liliongeza tarakimu mbili za karne, na moja mwishoni. Kumleta mzee wa miaka 119, tena kwa namba ya mfululizo 001 kama mtoto yeyote, nakuona ni majigambo kidogo ya watunzi: tazameni, huyu naye sasa anaenea.

Wahakiki wa fasihi huanza kwa kutenganisha fani na maudhui, kisha hutumia kurasa zote zilizobaki kueleza kwa nini viwili hivyo havitenganishiki. Hapa watunzi wametutenganishia wenyewe. Tarakimu 17 za mwanzo zinamsema mtu: wa wapi, wa lini, wa ngapi, wa jinsia gani. Ya 18 haimsemi mtu hata chembe. Inazisema zile 17. Ni fani tupu. Nami nashikilia kwamba namba hii, ikihukumiwa kama utunzi, ihukumiwe pale mwishoni, kwenye ile 4 ambayo msomaji wa kawaida huiona kama mkia tu.

Maudhui yapewe haki yao kwanza. Mtanzania akitaja namba yake ya NIDA, yenye tarakimu 20 katika mafungu ya nane, tano, tano na mbili, huanza na siku aliyozaliwa. Raia wa China huanza na mahali. 44 ni Guangdong, 4401 ni Guangzhou, 440104 ni wilaya ya Yuexiu, iliko Xiaobei, mtaa ambao mfanyabiashara wa Kariakoo au wa Eastleigh hahitaji kuelezwa. 440106 ni Tianhe. 440111 ni Baiyun. Anayeanza kwa wakati anasema kila mtu ana siku yake. Anayeanza kwa mahali anasema kila mtu ana kwao. Na hapo kwao hapabadiliki. Ni pale mtu alipoandikishwa mara ya kwanza, na hata akihama mara kumi, tarakimu zile sita anahama nazo. Katika jiji lililohesabiwa watu zaidi ya milioni 18 kwenye sensa ya 2020, wengi wao wakiwa wamekuja kutafuta kazi, jambo hilo si dogo. Anayeanza na 43 ni wa Hunan, wa 45 ni wa Guangxi, wa 36 ni wa Jiangxi, hata kama ujana wake wote umeishia kwenye viwanda vya Panyu, humohumo Guangzhou.

Ipo pia 440102. Hiyo ilikuwa wilaya ya Dongshan, upande wa nyumba za wenye nacho wa Guangzhou ya zamani. Mwaka 2005 Dongshan ilifutwa na eneo lake likamezwa na Yuexiu. Mwaka huohuo Fangcun, iliyokuwa 440107, ikaingizwa Liwan. Kwenye ramani ya utawala wilaya hizo hazipo tena. Kwenye vitambulisho vya watu walioandikishwa huko zipo, na zitaendelea kuwapo hadi wa mwisho wao azikwe. Watunzi wa mfumo hawakukusudia kuandika historia ya jiji, lakini umbo walilolichagua, la mahali kutangulia na kutobadilika, linaiandika bila wao kutaka.

Namba ya mfululizo sitaikalia sana. Ina tarakimu tatu, hivyo wilaya moja inaweza kuandikisha watu 1,000 waliozaliwa siku moja, na si zaidi. Ikiwa witiri, mwenyewe ni mwanamume. Ikiwa shufwa, mwanamke. Tarakimu inayoamua ni ya 17, yaani jinsia ya mtu imewekwa kwenye nafasi ya makumi ya namba yake. Namba nzima yenyewe kuwa shufwa, kama hii yetu inayoishia na 4, hakumaanishi lolote.

Mgeni naye ameingizwa humu, akibahatika. Tangu Desemba 2023 kadi ya mkaazi wa kudumu ya mgeni ina tarakimu 18 kama ya raia, ila inaanza na 9. Zinafuata tarakimu mbili za jimbo lililompokea, halafu tatu za nchi yake kwa orodha ya kimataifa, ambamo Tanzania ni 834, Kenya 404 na Uganda 800. Mtanzania aliyepewa kadi Guangdong ataanza na 944834, Mkenya na 944404. Wakantoni hulipa fedha nzuri kuikwepa 4 kwenye namba ya gari au ya simu, kwa kuwa matamshi yake yanakaribia mno ya kifo, na ajabu ni kwamba jimbo lao zima limepangiwa mbili mfululizo. Mkenya wetu amejaliwa nne.

Basi tuje kwenye ile 4 ya mwisho, na tuipigie hesabu kwa kalamu, maana haihitaji kompyuta. Anza na tarakimu ya kwanza kushoto. Izidishe kwa 2, jumlisha tarakimu inayofuata, na ukifika 11 au zaidi, toa 11 hadi ubaki na baki dogo. Fanya hivyo hadi mwisho wa namba. Sharti ni moja: ukimaliza, mkononi ubaki na 1.

Tuna 4. Mara mbili ni 8, jumlisha 4 ni 12, toa 11, imebaki 1. Mara mbili ni 2, jumlisha 0, ni 2. Mara mbili ni 4, jumlisha 5, ni 9. Mara mbili ni 18, jumlisha 2 ni 20, imebaki 9. Mara mbili ni 18, jumlisha 4 ni 22, toa 11 mara mbili: hakuna kilichobaki. Tumesoma mahali pote, 440524, na mkononi hatuna kitu. Ni sadfa, wala haitokei kwa kila wilaya, lakini katika mfano huu Chaoyang imejifuta yenyewe na mwaka 1880 unaanza upya kana kwamba haukutanguliwa na chochote. Endelea: 1, kisha 10, kisha 6 (maana 20 na 8 ni 28), kisha 1, huo ndio mwaka. Mwezi, 01, unatupa 2 halafu 5. Siku, 01, inatupa 10 halafu 10 tena. Mfululizo, 001, unatupa 9, 7 na 4. Sasa mara mbili ya 4 ni 8. Ili tubaki na 1 inabidi tufike 12, na kutoka 8 hadi 12 ni 4. Basi ni 4, na haiwezekani ikawa nyingine.

Hicho ndicho kina cha namba hii. Mshairi akishapanga mizani za mshororo, silabi ya mwisho haiko huru, ubeti umeshaidai. Tofauti ni kwamba kina cha ushairi kinadaiwa na mishororo jirani, na hiki kinadaiwa na kila tarakimu iliyotangulia, moja baada ya moja, kila moja kwa uzito wake. Uzito wa tarakimu unatokana na idadi ya mara iliyozidishwa kwa mbili kabla hatujafika mwisho: ya 17 imezidishwa mara moja, ya 16 mara mbili, na ya kwanza kabisa mara 17.

Kwa nini 2, na kwa nini 11? Hapa ndipo ufundi ulipo. Mkono wa mtu anayenakili namba hukosea hasa kwa njia mbili: huandika tarakimu moja isiyo yake, 7 badala ya 1, au hugeuza mbili zilizo jirani, 42 ikawa 24. Kosa la kwanza linasogeza hesabu kwa tofauti ya tarakimu mbili, ambayo haizidi 9, ikiwa imezidishwa kwa 2 mara kadhaa. 11 ni namba tasa. Haigawanyi chochote kati ya 1 na 9, wala haigawanyi 2 hata ukiizidisha hadi kesho, hivyo kosa la namna hiyo haliwezi kurudi kuwa 1 kwa bahati. Litaonekana, kila mara. Kosa la pili halikadhalika: uzito wa tarakimu ni mara mbili ya uzito wa jirani yake wa kulia, kwa hiyo kuzigeuza kunabadilisha hesabu kwa kiasi ambacho 11 haiwezi kukimeza. Ungetumia 10 badala ya 11 mambo yangeharibika mara moja, kwa sababu 5 mara mbili ni 10, na 10 ingeimeza. Kosa la tofauti ya tano lingepita likipunga mkono.

Msomaji aliyesoma hesabu atauliza: kwa nini wasiseme tu kwamba namba yote, ikisomwa kama namba ya kawaida, igawanyike kwa 11? Swali zuri, na mfano wetu una mzaha wake hapo. Jumlisha tarakimu zilizo kwenye nafasi za witiri: 4, 0, 2, 1, 8, 0, 0, 0, 1, jumla 16. Za nafasi za shufwa: 4, 5, 4, 8, 0, 1, 1, 0, 4, jumla 27. Tofauti ni 11, na kwa kanuni ya shule ya msingi, namba yote inagawanyika kwa 11. Ndivyo ilivyo: ni 11 mara 40,047,653,454,637,274. Lakini hiyo ni sadfa nyingine, haihusiani na kina tulichokipiga hivi punde. Na kanuni ile ya shule ingekuwa dhaifu kama mlinzi, maana uzito wake ni jumlisha na toa, jumlisha na toa, unajirudia kila baada ya nafasi mbili. Ungebadilishana tarakimu ya kwanza na ya tatu, isingesikia. Mbili, kinyume chake, inachelewa kujirudia. Izidishe yenyewe na utoe 11 kila inapobidi: 2, 4, 8, 5, 10, 9, 7, 3, 6, 1. Imepita kwenye mabaki yote kumi ndipo ikarudi mwanzo. Hakuna namba inayoweza kuzunguka kwa muda mrefu zaidi mbele ya 11, kwa sababu mabaki mengine hayapo.

Sasa hesabu nafasi. Mzunguko ni wa 10, na namba ina tarakimu 18. Umevuka. Tarakimu ya kwanza ina uzito sawa na ya 11, ya pili sawa na ya 12, hivyo hivyo hadi ya nane na ya 18. Jozi nane ambazo kina hakizitofautishi. Nyingine zinaokolewa na maudhui: ya 11 ni makumi ya mwezi, na ukiibadilisha na 4 ya mwanzo utapata mwezi wa arobaini na kitu, ambao kalenda haiujui. Lakini ya pili na ya 12 hazina mwokozi. Chukua mzee wetu, badilisha 4 yake ya pili na 1 ya mwezi: 410524188004010014. Piga hesabu upya, utamaliza na 1 ileile, sahihi kabisa. Tarakimu mbili za mwanzo sasa ni 41, jimbo la Henan, na mwezi umekuwa Aprili. Mtu amehamishwa jimbo na kuzaliwa upya miezi mitatu baadaye, na mlinzi aliyewekwa mwishoni hakukohoa.

Nitamtetea mlinzi kidogo. Ni nani ananakili namba akabadilishana tarakimu zilizoachana nafasi kumi? Vidole havikosei hivyo. Na mghushi haogopi kina hata kidogo, kwa kuwa kanuni yake iko wazi kwa kila mtu. Anayetaka kutunga namba ya uongo atapiga hesabu tuliyoipiga sisi na kuweka tarakimu inayotakiwa. Fani hii haikutungwa kukamata wajanja. Ilitungwa kukamata waliochoka, makarani wa saa kumi jioni, na kwa hao inatenda kazi vizuri sana.

Linaloniudhi zaidi ni jambo lingine. Ukigawanya kwa 11 mabaki yanayowezekana ni 11, kuanzia 0 hadi 10, lakini tarakimu zetu ni 10. Pale kina kinapodai 10, hakuna alama moja ya kuiandika. Wachina wameazima X ya Kirumi. Karibu mtu mmoja katika kila 11 anabeba X mwishoni mwa namba yake, na namba yake kwa kweli si namba nzima tena kwa maandishi tuliyozoea. Hesabu inaikubali, kibodi ya tarakimu tupu haiikubali. Wasomaji wa vitabu wanaifahamu X hiyo. Vitabu vilivyochapishwa Tanzania na Kenya kabla ya 2007 vina ISBN ya tarakimu 10, ya Tanzania ikianza na 9976 au 9987 na ya Kenya 9966, na baadhi zinaishia na X kwa sababu ileile ya 11. Mwaka 2007 ISBN ikawa na tarakimu 13 na kigawanyo kikawa 10. X ikatoweka, wachapaji wakafurahi, na tangu hapo ukibadilishana tarakimu mbili jirani zinazotofautiana kwa tano, 1 na 6 kwa mfano, ISBN haigundui. Usafi wa sura ulinunuliwa kwa uziwi.

Njia ya tatu imebandikwa kwenye mzigo wenyewe. Kila kontena linalotoka bandari ya Nansha, wilaya ya kusini ya Guangzhou, kwenda Mombasa au Dar es Salaam, lina herufi nne, tarakimu sita, na tarakimu moja ya uhakiki ambayo kwa kawaida huchorwa ndani ya kisanduku chake. Wakala wa forodha anayejaza namba ya kontena anashughulika na 2 na 11 zilezile. Herufi zimepewa thamani kuanzia A ambayo ni 10, na 11, 22 na 33 zimerukwa kwa kuwa zingeyeyuka mbele ya kigawanyo. Kabla ya tarakimu ya uhakiki kuna nafasi 10, yaani mzunguko mmoja kamili wa mbili bila kuvuka hata hatua. Miongoni mwa nafasi hizo kumi hakuna mbili zenye uzito mmoja. Kwa urefu, kontena limepimwa vizuri kuliko raia. Halafu likaharibiwa mwishoni: baki likiwa 10, linaandikwa 0, sawasawa na baki la 0 lenyewe, hivyo kosa linalosogeza hesabu kutoka baki moja hadi jingine kati ya hayo mawili halionekani. Wenye makontena walijua, ndiyo maana wanashauriwa waziruke namba za mfululizo zinazozaa 10. Mwenye kontena anaweza kuruka namba. Msajili wa watoto Guangzhou akifanya hivyo atapoteza nafasi moja katika kila 11 za siku ile.

Kiwango cha kimataifa ambamo China iliichukua kanuni hii, ISO 7064, kina kanuni nyingine ndani yake, ile ya 97, ambayo wenye akaunti za benki Ulaya na katika nchi kadhaa za Ghuba huibeba mwanzoni mwa IBAN zao bila kujua. Inadai tarakimu mbili za uhakiki badala ya moja. 97 ni namba tasa, na 10 mbele yake huzunguka hatua 96 kabla ya kujirudia, kwa hiyo katika namba ya urefu huu zile jozi nane zisingekuwapo, na X isingehitajika. Gharama yake ni tarakimu moja. Namba ya raia ingekuwa na 19, nami ningeilipa gharama hiyo. Watunzi wa 1999, ambao walikuwa tayari wameongeza tarakimu tatu kwenye namba ya watu zaidi ya bilioni moja, hawakuilipa.